Elyse Alivyokataa Kuniotesha Meno

Elyse wa Kakuma hanunui makaa kama watu wengine. Wanawake wa kambini wakija kwangu huingiza mkono guniani kuona kama chini nimejaza vumbi, wananitukana kidogo, ninawatukana kidogo, tunapatana. Huyu siku ya kwanza alichuchumaa mbele ya gunia, akachomoa vile vijiti vyembamba visivyochemsha hata chai ya paka, akaanza kuvivunja kimoja kimoja karibu na sikio lake.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza. "Hivyo vimeshakufa."

"Nasikiliza kama iko ngumu, Koko." Koko ndivyo Wakongo wanavyomwita nyanya. "Hii inalia kama kioo. Hii iko muzuri."

Nikajua huyu amepigwa na jua. Jua la Kakuma si la mchezo. Mwaka mmoja lilikausha kivuli cha mbuzi wangu mpaka kikabaki kimelala pale chini, mbuzi mwenyewe amekwenda zake. Nikamfungia vijiti vyake kwa kitambaa, nikampa bure, kisha nikamfuata kwa nyuma nione anavipeleka wapi.

Nilimkuta kwake karibu na laga ya Tarach, ule mto wa mchanga usio na maji, ameinamia kipande cha katoni ya mafuta ya msaada. Kijiti changu kilikuwa mkononi mwake, na katonini palikuwa na mdomo wa mtu. Mdomo tu. Hakuna pua, hakuna macho, hakuna hata kidevu cha kuuwekea.

"Mwenye mdomo yuko wapi?" nikauliza.

"Anakuja. Naanzaka na mdomo."

Elyse ni mtu wa Uvira, kule ambako ziwa lao lina maji matamu. Nimemwambia letu lina mamba wenye adabu zaidi, hakuamini. Mjomba wake alikuwa akichora vibao vya vinyozi. Vichwa alivijua, nywele alizijua, lakini midomo ilimshinda. Kila mteja kwenye kibao alionekana kama amemeza nzi. Basi Elyse, msichana mdogo, akapewa kazi ya midomo. Aliichora midomo ya vinyozi wa mji mzima kabla hajajua kusonga ugali. Vita vikaja. Mjomba akazikwa, na Guy, mume wa Elyse, akabaki upande ule wa mpaka. Kama alibaki kwa kushindwa au kwa kupenda, Elyse hasemi, nami nimemuuliza kwa ujanja wa kila aina. Kambini anasuka watu nywele asubuhi. Mchana, jua likishawafukuza wateja, anachora.

Tukawa marafiki. Nikaacha kumpa taka, nikaanza kumchomea vijiti vyake mwenyewe. Unakata matawi membamba ya esekon, ule mti wa mswaki, unayapanga ndani ya mkebe, unaufunga kwa udongo, unaacha kitundu kimoja cha kupumulia, halafu mkebe unauweka motoni mpaka kitundu kiache kutoa moshi. Vinatoka vyeusi, laini, havina mikwaruzo. Mimi makaa nayajua. Nilianza kuyachoma zamani zile miti ya Turkana ilipokuwa inakuja kwa miguu yake yenyewe kuuliza moto uko wapi.

Shida ilikuwa moja: makaa hayashiki. Ukipitisha kidole, uso wa mtu unahamia kidoleni. Kule Uvira walikuwa wakipuliza ile dawa ya nywele ya mkebe, na picha inakaa. Hapa Elyse alijaribu maji ya sukari, na asubuhi tukakuta siafu wamemla katekista wa kanisa lao mpaka shingoni. Akajaribu uji wa unga, katoni ikajikunja kama chapati. Picha zake zote alikuwa anazilaza kitandani kama wagonjwa, yeye mwenyewe analala chini.

Halafu siku moja akanikuta nikimbariki mtoto wa jirani. Kwetu Waturkana baraka haitoki kavu. Unatia maji au maziwa mdomoni, unampulizia mtu. Na mimi mahali pa kupulizia ninapo. Nilipokuwa msichana niling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, kama rika langu lote, ili tupendeze, na ili ugonjwa ukikufunga taya bado uweze kutiliwa maziwa ukaishi. Kwa pengo hilo maziwa yanatoka kama ukungu. Zamani pale Kapedo nilizima sigara ya askari nikiwa ng'ambo ya barabara, na yeye akaendelea kuivuta bila kujua mpaka akafika Lokori.

Elyse alisimama akanitazama mdomoni. "Koko, fanya tena."

Tukachukua maziwa ya mbuzi, tukatoa mafuta yote ya juu, tukayapunguza kwa maji. Mara ya kwanza niliyameza, mazoea. Iliyofuata nilicheka katikati, picha ikapata ndui. Lakini nilipoelewa kwamba kichwa ndicho kinachotembea, midomo inatulia, ukungu ulishuka sawasawa juu ya katoni, ukakauka, na Elyse akapitisha kidole. Kidole kikatoka safi. Alikipitisha tena na tena, anacheka, kisha akakaa chini akalia kidogo, nami nikajifanya naangalia mbuzi.

Wiki ile ile akanichora. Aliniambia nicheke, na mimi kucheka sihitaji kuombwa. Alianza na mdomo, kama kawaida yake, na pengo akalipaka kuliko kitu kingine chochote, akalisugua kwa kidole mpaka likaingia ndani kama mlango wa nyumba. Uso wote umepangwa kulizunguka. Picha ilipokwisha, nikaipulizia mimi mwenyewe.

Sasa, kuna kikundi cha wachoraji kwenye mtandao kinaitwa Mkono wa Kaskazini. Unaweka picha yako pale, wengine waliobobea wanaitazama, wanakwambia mkono umeteleza wapi. Elyse alikuwa akikitamani muda mrefu. Mimi nikamwambia, unataka nini kwa watu usiowajua, sisi hapa tunakusifu kila siku.

"Ndiyo shida, Koko," akasema. "Tangu mjomba afe, hakuna mwenye ameniambia hii ni mbaya. Nyinyi wote mnasema muzuri, muzuri. Nachora kama mutu anatembea kwa giza. Nataka mwenye anajua aniambie mbaya."

Masharti ya kuingia yalikuwa haya: picha tatu zipigwe kwa simu zitumwe, useme umechora kwa kitu gani, na picha zenyewe, za mkono, zionekane kwa macho ofisini kwao Lodwar, kwa sababu siku hizi mtu anaiambia simu ichore na simu inachora. Mwisho Ijumaa saa kumi alasiri. Ukikosa, subiri mwaka mwingine.

Wa kuzipiga picha alikuwa Lionel, Mrundi mwenye masharubu mazuri na kibanda cha kuchaji simu. Alizipiga, akazituma, akajaza na yale maelezo. Lakini kibali cha Elyse cha kutoka kambini hakikufika, na bila kibali mkimbizi haendi Lodwar kwa kutaka tu. Mimi hakuna anayeniuliza kibali. Basi nikazifunga picha kati ya mbao mbili, nikazungushia shuka, nikaenda mimi.

Msimamizi wa kikundi alikuwa Mturkana mwenzangu, Adome, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha. Ofisi yake ina feni na skrini kubwa ukutani.

"Ejoka, Ata?" akanisalimu vizuri kwa Kiturkana, akaniita Ata, kama mtu anavyomwita nyanya yake.

"Ejok-nooi. Umenenepa."

"Hatujawahi kuonana, Ata."

"Ndiyo maana nimeshtuka."

Akacheka, akaniletea kiti na chupa ya maji. Akafungua mbao zangu, akaziweka picha mezani, akawasha skrini ili alinganishe. Ya kwanza, foleni ya maji: sawa. Ya pili, mbuzi chini ya lori: sawa. Ya tatu ikatokea mwanamke mzee anacheka, na mdomoni ana meno yote. Yote! Meupe, yamepangana kama viti vya kanisa.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si ni wewe, Ata?"

"Ni mimi nimeolewa na mbunge."

Adome akaangalia skrini, akaangalia katoni, akaniangalia mimi mdomoni, akarudi kwenye skrini. Uso wake ukabadilika. "Hizi hazifanani. Kwa sheria yetu, picha isiyofanana na ya mkono inatupwa."

Nikamwambia ampigie Elyse, ambaye alikuwa anangoja kibandani kwa Lionel. Akapiga, akaweka sauti ya juu, akamweleza habari ya meno. Kabla Elyse hajamaliza kuuliza, Lionel akadakia kwa nyuma:

"Nilisafisha tu! Simu yenyewe iliuliza, nirekebishe meno? Nikabonyeza ndiyo. Nilidhani ni kasoro ya katoni!"

"Kasoro ya katoni!" Elyse akamkemea. "Lionel, kila siku unapita mbele ya Koko. Unaonaka katoni?"

Nilidhani Adome atazitupa hapo hapo. Hakuzitupa. Alivuta kiti, akaongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kusaidia. "Dada Elyse, sikiliza. Hii picha ni nzuri sana. Kila mwezi tunaweka picha moja ya mtu mpya juu kabisa, ukurasa wa kwanza, ionekane na kila mtu. Nataka kuweka hii. Lakini yenye meno. Mwaka jana tuliweka picha ya mama mmoja wa huku kwetu, mwenye pengo kama hili. Watu waliandika vitu vibaya. Eti njaa imekula mpaka meno. Eti hao bado wako porini. Mimi ni mtoto wa hapa, yale maneno yaliniumiza. Sitaki mtu amcheke Ata."

"Kwa hivyo?" Elyse akauliza.

"Kwa hivyo tuongeze meno mawili kwenye katoni, ifanane na ya simu. Mistari miwili ya chaki. Ata anaweza kuiweka hapa hapa kwa niaba yako. Ukikataa, sawa, nitapiga picha upya iingie hivi ilivyo, ila itakaa chini kabisa, na mimi sitaweza kukukinga na midomo ya watu."

Akatoa chaki akaiweka mezani mbele yangu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi.

Nisiwafiche. Nilimtazama yule mwanamke wa skrini na nikampenda. Shavu langu, shanga zangu, macho yangu ya uongo, halafu meno! Mtu kama yule akiingia dukani anapewa kiti. Chaki nikaichukua.

"Elyse," nikasema, "meno yenyewe si mabaya."

Kwenye simu nikasikia jenereta ya kibanda cha jirani.

"Koko. Na wewe?"

"Ni mistari miwili tu, binti yangu. Wewe si unataka kuonekana na wanaojua?"

"Koko, ile picha ilishika na nini?"

"Na maziwa."

"Yalipita wapi?"

Nikaanza kumsifia Adome feni yake.

"Nauliza yalipita wapi, Koko!"

"Kwa pengo."

"Sasa nikiweka meno, maziwa ilipita wapi? Ile picha ilitokea wapi? Itakuwa picha yenye haiwezi kuwa!" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka simu inatetemeka mezani. "Miye nilichora mdomo huu kwanza. Uso wote niliuweka juu ya hilo pengo. Ukiliziba, hakuna Koko, kuko mwanamke wa kibao cha kinyozi. Na vibao nilishachora vya kutosha!"

"Watacheka, dada," Adome akasema.

"Wacheke! Si ndiyo kazi ya mdomo? Mwenye anacheka nitamsoma, mwenye anatukana nitamsoma, na kama katikati yao kuko mutu mumoja ataniambia kivuli cha shavu kiko mbaya, huyo ndiye nilimtafuta. Ukurasa wa kwanza mupe mwenye meno. Yangu uweke vile iko, ao usiweke."

Nikairudisha chaki mezani. Kwa kweli niliitupa, ikavunjika. "Umemsikia," nikamwambia Adome. "Piga picha."

Adome akashusha pumzi, akatoa simu yake ya pili, akaipiga ile katoni upya karibu na dirisha. Kisha akasoma maelezo ya Lionel. "Hapa ameandika kwamba umetumia makaa na dawa ya nywele ya kupuliza. Hiyo iko sawa, angalau?"

"Hapana!" Elyse akasema. "Lionel, na hiyo pia?"

"Nilitaka ionekane ya kisasa," sauti ya Lionel ikaja, ndogo.

"Andika hivi, kaka Adome. Makaa ya esekon, imechomwa na Koko Nakeno. Maziwa ya mbuzi. Imepulizwa na mdomo ya Koko Nakeno."

Adome akaacha kuandika. "Mate? Niandike mate?"

"Andika maziwa," nikamwambia. "Mate ni yale yanayotoka kwa mtu asiyejua kupuliza."

"Ata, hawataamini. Hakuna mtu anayeweza kupuliza katoni nzima kwa mdomo bila kudondosha tone."

Basi nikachukua chupa yake ya maji, nikajaza mdomo, nikageukia gazeti lililokuwa ukingoni mwa meza, na nikalipulizia. Ukungu ukatoka, feni ikaudaka, ukatanda ofisi nzima. Nasikia upande ule wa mto Turkwel watu walianika nguo zao ndani wakidhani mvua inakuja. Gazeti likapata umande wa juu juu, hakuna tone. Miwani ya Adome pia.

Akaivua, akaifuta kwa lile shati lake la pasi. Akaandika yote kama Elyse alivyosema, akanisomea neno kwa neno, simu ikiwa bado wazi, na Elyse akasema ndiyo kwa kila neno. Ilikuwa karibu kabisa na kumi. Akabonyeza.

Ukurasa wa kwanza mwezi ule alipewa mtu mwingine aliyechora ngamia na jua linazama, jua kubwa kuliko ngamia wote. Yetu iliwekwa chini, mahali ambapo unashuka kwa kidole mpaka kidole kinachoka.

Lakini watu wana vidole. Niliporudi Kakuma nilimkuta Elyse kibandani kwa Lionel, kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, mteja mwenyewe naye amejipenyeza kutazama simu. Tayari kulikuwa na maneno chini ya picha, na Lionel alikuwa anayasoma kwa sauti. Wawili walicheka tu, wale wa kuandika ha ha ha. Mmoja alisema shanga zimechorwa kwa haraka, na Elyse akamwambia Lionel arudie hilo, arudie tena, na macho yake yakawaka kama mtu aliyepewa zawadi. "Ni kweli," akasema. "Nilichoka pale kwa shanga. Ameona! Mutu ameona!"

Halafu mmoja akauliza: pole kwa huyo bibi, meno yake yalikwenda wapi?

"Hiyo nijibu mimi," nikasema. "Lionel, andika. Andika kwamba nilikuwa nikivuka Turkwel imejaa, mamba akanishika ndoo, nikaishika kwa meno, tukavutana mpaka Katilu. Ndoo nilibaki nayo. Meno mawili nilimwachia, kwa heshima."

Lionel akaanza kuandika, anacheka mpaka masharubu yanatikisika. Hata mteja wa nywele akapiga makofi.

"Futa," Elyse akasema.

"Elyse! Ni nzuri sana hiyo!"

"Iko muzuri, Koko. Futa. Sikukataa meno ya uongo nikaweke mamba ya uongo." Akamnyang'anya Lionel simu, akaandika mwenyewe, polepole, kwa kidole cheusi cha makaa, huku akinisomea: "Hayakupotea. Yalitolewa alipokuwa musichana, ni desturi ya kwao, na hilo pengo analipenda. Picha hii ilipulizwa kupitia hapo."

Nilinuna. Mamba yule ningempa mkia mrefu mpaka Nariokotome.

Jibu halikuchelewa. Lionel alilisoma kimoyomoyo kwanza, na nikaona hataki kulisoma kwa sauti. Elyse akachungulia. Lilikuwa la mtu mwingine, na lilisema: kwa hivyo huu ni mchoro wa mate ya kikongwe?

"Nifute?" Lionel akauliza. "Adome ametuma ujumbe, anasema tukitaka anaweza kumfungia nje huyu."

Elyse akaichukua simu, akaandika neno moja chini ya lile tusi, "Ndiyo," akamrudishia simu. Akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na katoni nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, bado ina alama za kamba. Akaipangusa kwa kiganja. Mteja akalalamika kwamba kichwa chake kiko nusu, Elyse akamwambia akae hapo, kichwa hakikimbii. Akachagua kijiti, akakivunja karibu na sikio.

"Safari hii bila uso," akasema. "Mdomo peke yake, katoni nzima. Lionel, ukiigusa na simu yako ya kurekebisha nitakunyoa hayo masharubu. Koko, fungua."